Namna ya Kulitafuta Kosa Pale Hadithi ya Filamu Inapokosa Kusadikika

Mtazamaji anayeinuka kitini akisema "haiwezekani" huwa amesema kweli, lakini hajaeleza chochote. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametazama bila kinyongo majoka yakitema moto, au chombo kikivuka anga kwa kasi inayoishinda nuru, au watu wawili wakikimbizana juu ya mapaa bila hata mmoja kuteguka kifundo cha mguu, na hakunung'unika. Kwa hiyo kilichomuudhi si kutowezekana kwa jambo. Ni kitu kingine, na kitu hicho mara nyingi hakimo katika tukio lililomfanya alalamike. Kimo nyuma yake, pengine nyuma sana, mahali alipopita bila kushtuka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kurudi huko na kukitafuta. Utamfaa anayependa kuzungumzia filamu na tamthilia na anayetaka malalamiko yake yawe na uzito, na utamfaa zaidi anayejaribu kuandika hadithi zake mwenyewe.

Anza na tukio, sababu itafuata

Andika kwanza ni wapi hasa ulipotoka nje ya hadithi. Usiandike sababu bado. Andika nani alikuwepo, alifanya nini, na wewe ulifanya nini: ulicheka mahali pasipochekesha, uliangalia saa, au ulianza kumfikiria mwandishi badala ya mhusika. Hiyo ya mwisho ndiyo dalili nzito kuliko zote. Hadithi inapokwenda vizuri mtazamaji hujiuliza mhusika atafanya nini. Inapoharibika hujiuliza kwa nini mwandishi ameamua hivi.

Fanya hivyo kabla ya kusoma maoni ya wengine, kwa sababu orodha ya makosa iliyokusanywa na watu wengi ina nguvu ya kukuaminisha kwamba uliudhiwa na mambo ambayo wakati wa kutazama hukuyaona kabisa. Kosa lililokutoa hadithini papo hapo na kosa lililokujia akilini baadaye hayana uzito mmoja. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, aliyafahamu vyema makosa ya aina ya pili na aliyaita matukio ya jokofu, yaani yale ambayo mtazamaji huanza kuyahoji akiwa amekwisha kurudi nyumbani na kufungua jokofu kutafuta chakula. Hakuyaogopa sana, na nadhani alikuwa na haki. Filamu ya *The Big Sleep* ya mwaka 1946 ina dereva anayekutwa amekufa katika gari lililotumbukia majini, wala filamu haisemi waziwazi ni nani aliyemuua. Watengenezaji walipomuuliza Raymond Chandler, aliyeandika riwaya ambayo filamu hiyo ilitokana nayo, alijibu kwamba hata yeye hajui. Hata hivyo filamu hiyo imeendelea kuheshimiwa kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa kinachomshika mtazamaji ni vitisho, tamaa na majibizano ya watu walio hai mbele yake, na mtu akiwa ameshikwa namna hiyo hapati nafasi ya kumkumbuka dereva.

Kwa hiyo, katika maelezo yako, yape nafasi ya mbele makosa uliyoyahisi, na yale uliyoyafikiria baadaye uyaweke pembeni hata kama ni mengi zaidi na ni rahisi zaidi kuyathibitisha.

Iandike sheria ya hadithi yenyewe

Hatua ya pili ni kutenganisha kisichowezekana na kisichosadikika. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake cha nadharia ya ushairi, alishauri kwamba ni afadhali mtunzi achague jambo lisilowezekana lakini linasadikika kuliko jambo linalowezekana lakini halisadikiki. Mwaka 1817 mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge alilieleza jambo hilo kwa upande wa msomaji, akisema kwamba msomaji huiweka kando shaka yake kwa hiari. Neno la kushika hapo ni hiari. Mtazamaji hakudanganywa akaamini kwamba majoka yapo; amekubali kuyapokea kwa masharti, na masharti hayo amepewa na hadithi yenyewe katika sehemu zake za mwanzo.

Basi yaandike masharti hayo. Nusu ukurasa unatosha. Kwa filamu, angalia takriban theluthi ya kwanza. Kwa tamthilia ya misimu mingi, angalia sehemu mbili tatu za mwanzo. Jiulize safari huchukua muda gani katika ulimwengu huu, jeraha humgharimu mtu nini, ni nani anayeweza kufa, nguvu za ajabu zinaishia wapi na zinamchosha nani, na watu wa kawaida hufanya nini wanaposikia mlio wa risasi. Usiandike unachojua kuhusu ulimwengu wetu. Andika kile tu ambacho hadithi imekuonyesha. Filamu ya nyimbo na ngoma imekwambia mapema kwamba watu huimba wanapozidiwa na hisia, na haina haja ya kueleza ala zinapigwa na nani; vichekesho vimekwambia kwamba mtu anaweza kuanguka ngazi nzima akainuka akijipangusa vumbi. Anayelalamikia mambo hayo anaishtaki hadithi kwa sheria ambayo haikuwahi kutungwa.

Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, malalamiko mengi hujipanga yenyewe. Chukua *Game of Thrones*, tamthilia ya Marekani ya falme na majoka iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2011. Katika misimu yake ya mwanzo, kusafiri kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine kulimaliza sehemu kadhaa, na sehemu kubwa ya hadithi ilitokea njiani: watu walikamatwa, walifanya urafiki, walichelewa kufika na kuchelewa huko kukawagharimu ndugu zao maisha. Umbali ulikuwa sheria. Katika msimu wa saba, mwaka 2017, wahusika walianza kuvuka masafa yaleyale ndani ya sehemu moja, na msaada ukawa unafika kwa dakika ileile unapohitajika. Watazamaji waliokuwa wameyapokea majoka tangu mwanzo hawakuyakataa sasa. Walichokilalamikia ni safari. Msimu wa mwisho wa mwaka 2019 ulikuwa na sehemu sita tu, na zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka uandikwe upya. Sidhani kwamba ombi la namna hiyo lina maana yoyote kiutendaji, lakini linaonyesha jinsi mtazamaji aliyepewa sheria na kuizoea kwa miaka anavyoichukulia kuwa mali yake.

Rudi nyuma hadi mahali ambapo hakuna aliyelalamika

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi wanapoishia njiani. Wakishaliona tukio lililowaudhi hulipiga tukio hilo mawe na kuondoka. Lakini tukio hilo kwa kawaida ndipo kosa lilipojitokeza tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tamthilia inamfuata mpelelezi mwanamke ambaye kwa sehemu saba tumemwona kuwa mtu wa tahadhari: hafungui mlango kabla ya kuchungulia, huwaambia wenzake kila aendako, huweka nakala ya kila karatasi. Katika sehemu ya nane analigundua jina la muuaji usiku wa manane, anaendesha gari peke yake hadi nyumbani kwa mtu huyo, hamwambii yeyote, na simu yake inazima akiwa njiani. Lalamiko la kwanza litakalosikika ni kwamba mpelelezi gani huyu mjinga kiasi hiki. Ni lalamiko dhaifu, kwa kuwa watu werevu hufanya mambo ya kijinga kila siku na hadithi nyingi nzuri zinatokana na ujinga huo. Lalamiko la pili ni kwamba simu imezima kwa wakati uliomfaa mwandishi. Hilo linakaribia.

Sasa jiulize mwandishi alihitaji nini. Alihitaji mpelelezi awe peke yake, gizani, bila msaada, mbele ya mtu hatari. Hakuna ubaya katika kuhitaji hivyo. Swali linalofuata ni hili: katika sehemu saba zilizotangulia, ni kitu gani kilichokuwa kinamsukuma mwanamke huyu kuelekea hapo? Ukikuta hakuna, umelipata kosa, nalo halimo katika sehemu ya nane. Tuseme katika sehemu ya tano mpelelezi angekuwa amemwamini mkuu wake, akamweleza jina la mshukiwa, na alfajiri yake mshukiwa akakutwa ametoroka. Tangu hapo kila anayeambiwa siri ni hatari. Katika sehemu ya saba angeizima simu yake mwenyewe kwa kuhofia kufuatiliwa. Halafu usiku ule wa sehemu ya nane, kwenda peke yake bila kumwambia mtu kungekuwa ndiyo tahadhari yenyewe, tabia ileile tuliyoijua tangu mwanzo ikimpeleka mahali pabaya. Gari lilelile, giza lilelile, mlango uleule; hakuna kilichobadilika katika tukio la mwisho, na sasa linasadikika.

Zoezi hilo la kujaribu kuitengeneza hadithi ndilo kipimo bora ninachokijua. Kama unaweza kuliponya tukio kwa kuongeza jambo moja au mawili mapema, kosa ni la matayarisho, na mara nyingi limetokana na haraka. Kama hakuna unachoweza kuongeza bila kumgeuza mhusika kuwa mtu mwingine kabisa, kosa ni la mhusika, na hilo ni zito zaidi, kwa kuwa maana yake ni kwamba mwandishi hakumjua mtu aliyekuwa anamwandika, au alimjua akamuuza kwa ajili ya mshtuko wa dakika moja. Na kama dawa pekee ni kuibadili sheria ya ulimwengu wa hadithi, rudi kwenye karatasi yako ya masharti uone ni sharti lipi lililovunjwa.

Kuna mahali pawili ambapo kipimo hiki hutoa matunda upesi. Pa kwanza ni mpango wa adui. Adui ameandaa kisasi kwa miaka kumi, na mwishoni tunaelezwa kwamba kila kilichotokea, hata kukamatwa kwake, kilikuwa sehemu ya mpango. Upitie mpango huo hatua kwa hatua na katika kila hatua uulize: je, huyu angepita barabara nyingine? Je, yule polisi angechelewa kwa dakika tano? Mpango ukiporomoka kwa swali la kwanza tu, aliyekuwa anapanga si adui, ni mwandishi, na hakuna matayarisho yanayoweza kuuokoa mpango unaotegemea watu wasiojuana kufanya hasa kile ambacho hakuna mtu angeweza kukitabiri.

Pa pili ni kutoelewana katika hadithi za mapenzi. Mlango unafunguliwa wakati ambapo bwana anakumbatiwa na mgeni. Mchumba anaondoka akilia. Kwa sehemu thelathini zinazofuata sentensi moja ingemaliza yote, na sentensi hiyo haisemwi. Kila ikitaka kusemwa mtu anaingia, simu inalia, gari linapita. Usilalamikie sehemu thelathini. Uliza kwa nini hasemi. Aibu ni sababu, kiapo ni sababu, hofu ya kumponza mtu wa tatu ni sababu, na kiburi ni sababu nzuri kuliko zote kwa kuwa kiburi kinaweza kumtesa mtu maisha yake yote huku akijiona ana haki. Tamthilia iliyompa mhusika wake mojawapo ya sababu hizo inaweza kurefusha kimya chake kadiri itakavyo. Iliyomnyima italazimika kuajiri milango na simu.

Kuhusu sadfa, waandishi wana kanuni ya kawaida ambayo mtazamaji anaweza kuiazima: sadfa inayomtia mhusika matatani hukubalika, sadfa inayomtoa matatani haikubaliki. Kukutana na hasimu wako kituoni kunaanzisha hadithi; hasimu kupigwa na radi kunaimaliza kwa kuiba. Aristotle alikwisha kulisema hilo alipoikosoa tamthilia ya *Medea* ya Euripides, mtunzi wa Ugiriki ya kale, akitaka utatuzi utoke ndani ya msuko wenyewe na si kutoka kwenye mashine, yaani ile winchi ya jukwaani iliyotumiwa na Wagiriki kuwashusha na kuwapandisha miungu.

Bado kuna matokeo, na hapa makosa hayaonekani upesi kwa sababu kinachokosekana hakipigi kelele. Mtu anapigwa kichwani, anazimia kwa saa kadhaa, anazinduka na kupigana na watu wanne. Kitabibu, kuzimia kwa zaidi ya dakika chache baada ya pigo la kichwa ni dalili ya hatari kwa ubongo; lakini hata asiyejua hivyo huhisi kuna kitu kimepotea, na kilichopotea ni taharuki. Ikiwa pigo la kwanza halikumfanya lolote, kwa nini nihofie la pili? Watazamaji wamekuwa wakitaniana kwa miaka mingi kwamba "steringi hafi", na utani huo ni ukosoaji kamili. Wahusika wanaweza kupona wote. Kinachotakiwa ni kwamba kupona kwao kumewagharimu kitu kinachoonekana katika sehemu inayofuata. Kilele cha kufuta matokeo kilifikiwa na tamthilia ya Marekani ya *Dallas* mwaka 1986, pale mhusika aliyekuwa amekufa alipotokea bafuni akioga, na msimu mzima wa 1985 hadi 1986 ukaelezwa kuwa ulikuwa ndoto ya mtalaka wake. Watazamaji hawakuudhika kwa kuwa ndoto hazipo. Waliudhika kwa kuwa mwaka wao mmoja wa kujali ulitangazwa kuwa haukuwahi kutokea.

Makosa ya ukweli wa nje

Haya ndiyo yanayopendwa zaidi na wakosoaji kwa sababu yanathibitika: sauti ya mlipuko angani ambako hakuna hewa ya kuibeba, kompyuta iliyovunjwa ulinzi wake kwa kubofya vitufe kwa nusu dakika, daktari anayeushtua kwa umeme moyo uliosimama kabisa na mstari wa mashine ukiwa umenyooka. Mshtuko wa umeme hutumika pale moyo unapotetemeka au kupiga ovyo kwa mvurugiko wa umeme wake. Moyo usio na mwendo wowote wa umeme huhudumiwa kwa kukandamiza kifua na kwa dawa.

Kabla ya kulipa kosa kama hilo uzito, uliza kama kuna uamuzi wowote wa mhusika unaolitegemea. Filamu ya *Titanic* ya mwaka 1997 ilionyesha nyota zisizolingana na anga la usiku ambao meli hiyo ilizama, mwanafizikia wa anga Neil deGrasse Tyson akamlalamikia mwongozaji wake, James Cameron, na filamu iliporudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 nyota zilikuwa zimesahihishwa. Lilikuwa jambo la kuvutia kwa wanaojua, lakini hakuna mtu aliyekuwa majini ambaye angefanya jambo tofauti kwa sababu ya nyota. Linganisha na hadithi ambayo kesi nzima inamalizwa na picha ya kamera ya barabarani iliyokuzwa hadi namba ya gari ikaonekana wazi, wakati picha haina taarifa hiyo ndani yake. Hapo nguzo imesimamishwa juu ya kitu kisichokuwepo, na malalamiko yana haki.

Ningeongeza kipimo kimoja ambacho wengi hukisahau: je, kosa hilo linaweza kutoka nje ya hadithi likamdhuru mtu? Mwaka 1996 jarida la kitabibu la *The New England Journal of Medicine* lilichapisha utafiti uliovichunguza vipindi vitatu vya televisheni vya Marekani na kukuta kwamba kiasi cha robo tatu ya waliofanyiwa juhudi za kuurudisha moyo walinusurika papo hapo, kiwango kilicho juu mno kuliko hali halisi, huku watafiti wakihofia kwamba familia za wagonjwa zingejengewa matumaini yasiyo na msingi. Kosa la namna hiyo linastahili kusemwa hata kama hadithi yenyewe haikuyumba.

Jipime na wewe

Kabla ya kuandika hukumu, ondoa uwezekano kwamba kosa liko kwako. Kipimo cha kwanza kinauma: je, ungelalamika kama hila ileile ingempendelea mhusika unayempenda? Watu wengi husema mwisho wa hadithi hauwezekani wakati wanachomaanisha ni kwamba hawakuutaka. Kutotaka mwisho ni hisia halali na inaweza kuelezwa kwa heshima, lakini ni shauri jingine, na ukiyachanganya hayo mawili utakosa hoja katika yote. Unapogundua kwamba ulikubali bila swali msaada uliotokea ghafla kumwokoa kipenzi chako katika sehemu ya tatu, huna budi kuukubali au kuukataa pamoja na ule uliomwokoa adui yake katika sehemu ya tisa.

Kipimo cha pili ni kuichunguza kauli "hakuna mtu angefanya hivyo". Mara nyingi ina maana ya "mimi nisingefanya hivyo", tena mimi niliyeketi, nisiye na njaa, niliyemwona muuaji nyuma ya pazia kabla ya mhusika. Mpunguzie mhusika yale unayoyajua wewe na asiyoyajua yeye, umwongezee uchovu na hofu, halafu uulize tena.

Mwisho, rudia kutazama matukio ya nyuma. Huenda ulikuwa unasoma ujumbe kwenye simu wakati dokezo lilipotolewa. Huenda ulitazama toleo lililopunguzwa ili litoshe muda wa matangazo, au tafsiri ya maneno ya chini ya skrini ilikiacha kishazi kilichobeba sababu nzima, jambo linalotokea mara kwa mara kwa kuwa mfasiri hulazimika kufupisha ili msomaji awahi kusoma. Matayarisho ya mwandishi mzuri yamefichwa kwa makusudi, na yaliyofichwa hupotea kwa urahisi.

Kujua ilivyotengenezwa

Haichukui muda mrefu kuangalia ni mazingira gani yaliyoizaa hadithi. Mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza Novemba 5, 2007 na kumalizika Februari 12, 2008 uliikata misimu ya tamthilia nyingi kabla ya wakati wake, na hadithi zilizopangwa kukua polepole zikafungwa kwa haraka au zikaachwa zikining'inia. Mwigizaji huacha kazi, bajeti hupungua, tukio lililoeleza kila kitu hukatwa katika uhariri kwa sababu filamu ilikuwa ndefu. Tamthilia nyingi pia huandikwa huku zinaonyeshwa, kiasi kwamba anayeandika mwanzo hajui kama atapewa nafasi ya kuandika mwisho. Maarifa hayo hayaifanyi hadithi isadikike, lakini yatakuzuia kumwita mwandishi mvivu wakati ambapo pengine aliandika ukurasa uliokosekana na mtu mwingine akauondoa.

Kuandika lalamiko, na kuamua kama utaendelea

Lalamiko lililokamilika lina vitu vitatu: kile hadithi ilichokufundisha, tukio lililokwenda kinyume, na kile ambacho hukukiona kati ya hayo mawili. Kwa mfano: "Kwa sehemu saba nilionyeshwa mpelelezi asiyekwenda popote bila kuwaambia wenzake, katika sehemu ya nane anakwenda peke yake kwa muuaji, sikuonyeshwa lolote lililomfanya aache kuwaamini." Anayepinga analazimika kutaja tukio ambalo hukuliona, na akilitaja utakuwa umefaidika. Jiepushe na maneno kama "upuuzi" na "ovyo", ambayo hayana mahali pa kujibiwa. Jiepushe pia na kuanza kulitangaza kosa wakati wenzako wangali wanatazama, kwa sababu hiari yao ya kuweka shaka kando ni yao, na wewe huna ruhusa ya kuiondoa kwa niaba yao.

Kuhusu filamu uamuzi ni mwepesi, kwa kuwa imekwisha. Kwa tamthilia, kosa la kwanza lisikufukuze. Tazama sehemu mbili zinazofuata na uangalie hadithi inalitendeaje kosa lake. Wako waandishi wanaoliona na kulibeba: mpelelezi aliyekwenda peke yake anahojiwa na wakubwa zake, anapoteza imani ya mwenzake wa kazi, na kile kilichoonekana kuwa uzembe wa mwandishi kinageuka kuwa doa la mhusika ambalo hadithi inaweza kuishi nalo. Wako wengine wanaoliziba kosa kwa kosa, sadfa juu ya sadfa, pacha aliyefichwa baada ya kifo cha uongo. Ukikuta hivyo, usisubiri msimu umalizike kwa sababu tu umekwisha kutumia saa nyingi. Soma muhtasari wa sehemu zilizobaki kama una hamu ya kujua nani alimuua nani, kisha uanze kutazama kitu kingine.